Uso wa Bi Lidia Kwenye Jino la Nyangumi

Aliyeanza ni muuza maziwa. Siku ya pili tangu nirudi Tabora alisimama mlangoni, akanichungulia mdomoni kabla hata ya kunisalimia, kisha akauliza, "Mzee Shabani, ni kweli ulipelekwa hadi Kanada kung'olewa jino?" Mchana, msikitini, nikasikia nyingine, kwamba nimerudi kufungua kliniki ya meno. Jioni shemeji yangu akaja na mtoto aliyevimba shavu. Basi naandika ili ninyi mnaouliza msome wenyewe. Na shemeji ampeleke mtoto hospitali.

Kazi yangu mnaijua. Naandika majina kwenye sufuria. Sufuria ya Mama Mwajuma ikienda kwenye arusi ya watu mia nne inarudi kwa Mama Mwajuma kwa sababu ya mkono wangu. Binti yangu Rehema alipokwenda Toronto kufanya kazi ya uuguzi, nilimpa bakuli la chuma la kubebea chakula. Kwenye kifuniko nilichora jina lake na maua ya waridi. Siku moja bakuli hilo lilionwa na mume wa mgonjwa wake, mzee wa Kigoa, Mkristo wa asili ya India, aitwaye Anselmo, ambaye ujanani alikuwa karani wa reli hapahapa Tabora. Mzee alikigeuzageuza kile kifuniko akasema, "Nani ameandika hii? Mimi nataka mkono huu."

Mzee Anselmo ana kazi yake ya mapenzi. Anachora kwa ncha ya sindano juu ya meno ya nyangumi, pembe na mifupa, kisha anapaka wino mweusi na kuufuta. Wino unabaki ndani ya mikwaruzo tu, na picha inatokea. Walioianza ni mabaharia wa zamani waliokuwa wakiwinda nyangumi, wakiwa hawana la kufanya baharini. Mkono wa mzee ulikuwa umeanza kutetemeka na kuna kazi moja hakuimaliza. Rehema naye alikuwa ananidai ziara. Mambo ya viza na tiketi nayaruka, yanachosha.

Tabora hadi Dar es Salaam

Nilipanda basi nikiwa na begi moja. Ndani mlikuwa na vyuma vyangu vya kazi, mfuniko wa sufuria wa Rehema, mifupa miwili ya ng'ombe niliyoisugua vizuri kwa ajili ya mazoezi, na dumu la asali ya Rehema. Tulipofika Itigi tukashuka kula. Nilikuwa nimeagiza ugali na kuku, nimekata tonge la pili, nikasikia watu wanapiga kelele nje. Basi letu lilikuwa limefunikwa na nyuki kutoka kwenye buti hadi kwenye taa.

"Nani amebeba asali humu?" dereva akafoka. "Ajitokeze!"

Watu wakaangaliana. Mimi nikatikisa kichwa na kusema kwa sauti kubwa kuliko wote kwamba siku hizi watu hawana ustaarabu. Mama mmoja aliyekaa karibu nami akaniunga mkono. Tukakaa pale saa mbili na nusu mpaka walipoletwa vijana wenye moshi. Buti lilipofunguliwa, begi lililokuwa linavuja lilijulikana mara moja, kwa sababu nilikuwa nimeliandika jina langu kwa herufi kubwa nzuri, zenye kivuli. Yule mama hakunisemesha tena hadi Dodoma.

Dodoma nilifua begi bafuni kwenye nyumba ya wageni, na kesho yake nikapanda treni mpya ya umeme hadi Dar. Ilikwenda kasi hata sikupata muda wa kujutia.

Addis Ababa

Ndege ya kwenda Toronto ilichelewa. Sababu ilitangazwa kwa lugha tatu na hakuna hata moja iliyonisaidia. Kiti cha jirani yangu kilikaliwa na mama mnene mwenye kitenge cha rangi ya machungwa, anatoka Lubumbashi, anakwenda kumwona mwanawe. Akaniambia anaitwa Mama Beatrice.

"Papa, avion itachelewa," akasema. "Banasema masaa sita. Ngoja mtoto wangu anipikie simu."

Nikafikiri nimesikia vibaya. "Akupikie nini?"

"Simu. Atanipikia simu. Mimi pia nitamupikia."

Nikawaza ni chakula gani hicho. Baadaye akanionyesha picha na kusema, "Hapa mume wangu alinipika." Alikuwa amekaa kwenye sofa, hana jeraha, anatabasamu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba wao kupiga, iwe simu au picha, wanakuita kupika. Nikamwuliza, na kupika chakula je? Akanitazama kwa huruma. "Kupika chakula ni kupika chakula, Papa."

Tuligawana mkate wangu na karanga zake. Kwenye mkoba wake alikuwa na samaki wa chumvi waliofungwa kwa nailoni tabaka tano, na bado kila aliyepita aligeuka.

Uwanja wa ndege, Toronto

Mbwa wa kunusa mizigo alitupita, akarudi, akaketi katikati yetu. Nadhani alishindwa kuchagua kati ya samaki wa Mama Beatrice na begi langu lenye harufu ya asali. Tukapelekwa pembeni wote wawili.

Afisa alikuwa kijana mpole. Akafungua begi langu, akapanga vitu mezani kimojakimoja: sindano nene, vyuma vya kukwaruzia, nyundo ndogo, kioo cha kukuzia, mifupa miwili. Akaniuliza jambo kwa Kiingereza cha haraka. Mimi Kiingereza changu ni cha kwenye vikombe vya ushindi: Winner, Runner-up. Mama Beatrice akaingia kati, kwa kuwa yule afisa alijua Kifaransa.

"Anauliza, umekuja kufanya nini?"

"Mwambie nimekuja kujifunza kuchora jino."

Wakazungumza. Afisa akaitazama nyundo, akaninyooshea kidole. Mama Beatrice akanigeukia akiwa na wasiwasi. "Anauliza kama uko na ruhusa ya kutosha meno."

"Meno yangu?" nikasema. "Yanatosha." Nikafungua mdomo ili aone. Nimepungukiwa mawili tu, ya nyuma.

Afisa akarudi hatua moja. Akaja mwenzake. Mimi nikabaki nimeachama, nikidhani ndio utaratibu wa nchi. Kumbe kwa Mama Beatrice kutosha ni kutoa, na mimi nilikuwa nimejibu swali la kama nina kibali cha kung'oa watu meno kwa kuonyesha sampuli ya kazi yangu.

Kilichoniokoa ni mfuniko wa sufuria niliomletea Rehema, wenye jina lake na ndege wawili. Nikautoa chini ya nguo, nikashika sindano, nikaonyesha hewani jinsi ninavyoandika. Afisa akapitisha kidole juu ya wale ndege taratibu. Akacheka, akarudisha vyuma vyangu. Mifupa ya ng'ombe akaichukua, hairuhusiwi. Samaki wa Mama Beatrice wakapita bila tatizo.

"Unaona?" akaniambia tulipoagana. "Samaki ni chakula. Mfupa ni mashaka."

Thorncliffe Park hadi Agincourt

Rehema anakaa ghorofa ya kumi na nne, Thorncliffe Park. Kwenye lifti nilisikia Kiurdu, Kipashto na harufu za mboga za nyumba sita. Wiki ya kwanza nililala. Wiki ya pili akanifundisha njia ya Agincourt, kwa Mzee Anselmo, mabasi mawili na treni ya chini. "Baba, usiongee na mtu, fuata tu stop zako," akaniambia. Siku ya kwanza niliongea na mtu na nikafika North York, kwenye duka la Mkenya aliyenipa chai na kunirudisha hadi kituoni huku akinisimulia habari za kodi ya nyumba.

Mzee Anselmo alinifungulia mlango mwenyewe. Ana miaka themanini na minne, mwembamba, amevaa tai nyumbani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba! Marahaba!" Machozi yakamlengalenga. "Toka niondoke Tabora hapana mtu amenipa shikamoo ya kweli. Lidia! Kuja sikia!"

Bi Lidia, mkewe, yule mgonjwa wa Rehema, alitoka jikoni na mkongojo. Yeye alizaliwa Tabora na Kiswahili chake hakijapata kutu hata kidogo. Akaniuliza habari za watu ambao babu zangu walikuwa wakiwaulizia. Kisha akanipeleka kwenye jiko. "Hii ni nguruwe, yetu. Hii ni samaki, yako. Zote nyekundu, zote zina nazi, sufuria zinafanana. Mzee wangu haoni vizuri, ndiye anayepakua. Angalia roho yako."

Nikatoa vyuma vyangu. Kazi yangu ya kwanza Kanada ikawa kumchora nguruwe ubavuni mwa sufuria ya Bi Lidia, ili tusije tukakoseshana dini. Nilimpa masikio, mkia, na macho ya mtu anayejua kinachomsubiri. Bi Lidia akamtazama muda mrefu.

"Nguruwe huyu ana uso," akasema. "Anselmo, umeona? Anafanana na bosi wako wa stesheni."

Pembe ya muusi

Mzee hakunipa jino. Alinipa kwanza pembe ya mnyama wao mmoja, muusi, ambaye ni kama nyumbu aliyekosana na ngamia, pembe zake pana kama sinia.

"Alikufa lini?" nikauliza.

"Hapana kufa. Yeye naangusha pembe kila mwaka, naota ingine."

Nilicheka kwa adabu, nikijua Wagoa ni watu wa masihara. Mpaka Rehema aliponithibitishia kwa simu ndipo nikaacha.

Mkono wangu umezoea chuma. Nikakandamiza. Nilichora tembo, mzuri, na mkonga ameunyanyua. Kisha nikapaka wino. Sasa pembe, ukiuvuka ule ugumu wa juu, ndani ina vitundu kama mkate. Ilikunywa wino wote. Tembo akavimba, akawa mweusi, mkonga ukapotea, nikabaki na kitu kama chungu kilichoungua.

"Hii hapana sufuria, bwana," Mzee akasema. "Wewe nachimba kisima. Gusa kama unamwamsha mtu na hutaki aamke."

Ilinichukua wiki tatu kujifunza kugusa hivyo. Unasugua pembe mpaka ing'ae kama ukucha, unapaka nta ili wino usisambae, unashika sindano, na kivuli hukichori bali unakidonadona, nukta moja moja. Ukivuta pumzi, umeharibu. Nilikuwa narudi Thorncliffe Park nikiwa na shingo kama ya kobe.

Siku moja alinipeleka makumbusho. Kulikuwa na kazi za watu wa kaskazini ya mbali, waliochonga pembe za mnyama wa baharini. Niliona mtumbwi wenye watu sita, kila mmoja mdogo kuliko punje ya mahindi, na naapa wa nyuma alikuwa anapiga chafya. Nilipaka kioo chao ukungu kwa pumzi zangu mpaka mlinzi akakohoa. Mbele kidogo kulikuwa na pembe ya tembo, ya kale, imechongwa bustani nzima yenye madaraja na ndege. Nikasimama pale. Tabora ilikua kwa pembe hizi, zilipita mabegani mwa watu, na mimi nimezaliwa hapo na nimezeekea hapo sijawahi kuona hata moja iliyochongwa. Zilikuwa zinapita tu.

"Nzuri sana," nikasema.

"Nzuri," Mzee akajibu. "Lakini tembo mwenyewe alikuwa bado naitumia."

Jino

Jino lilikuwa kwenye kisanduku chenye pamba, refu kama kiganja, zito, rangi ya maziwa yaliyoanza kuganda. Lilitoka kwa mjomba wake aliyekuwa mpishi wa meli, lina karatasi zake za serikali, na haliuziki. Mzee alikuwa amechora stesheni ya Tabora, kila tofali, saa ya ukutani, mti, benchi. Na mbele ya benchi, mwanamke mwenye gauni la maua. Hakuwa na uso.

Akanipa picha ya zamani. Bi Lidia, miaka kumi na tisa, stesheni, anatazama pembeni. "Miaka ishirini mimi najaribu kwa karatasi. Hapana toka. Sasa mkono imekwisha." Akaunyoosha, ukatetemeka kama jani. "Mwezi ujao yubile yetu, miaka sitini ya ndoa. Wewe weka uso."

Nilitaka kukataa. Bi Lidia akasema kutoka jikoni, "Aliyempa nguruwe uso hatashindwa na mimi."

Nikafanya kazi siku nne. Jicho moja likatoka, pua ikatoka. Mzee alikaa pembeni yangu, hapumui. Siku ya tano, kwenye kona ya jicho la pili, mkono wangu ulikumbuka chuma. Ukakandamiza. Sindano ikateleza kutoka kwenye jicho hadi karibu na sikio.

Mstari ule ulikuwa mwembamba kama unywele, na niliona ukipita katikati ya miaka ishirini ya mtu. Kuusugua ungefutika pamoja na shavu, benchi na nusu ya saa ya stesheni. Mzee akanyanyuka, akashika ukuta, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Nilikwenda jikoni nikamwambia Bi Lidia ukweli. Akachukua kioo cha kukuzia akaja kuangalia. Kisha akaenda kwenye kioo cha ukutani, akajishika kwenye kona ya jicho.

"Kwani huu mimi sinao?"

"Bi Lidia, Mzee anamtaka yule wa kwenye picha."

"Yule wa kwenye picha alikuwa hajui hata kuchemsha maji." Akaketi mbele yangu, akavaa miwani, akashusha sauti. "Tena nikwambie. Hapo anapotazama pembeni, alikuwa anamtazama kondakta wa treni. Anselmo alikuwa bado hajanisemesha. Haya, huo mstari wako ni wa kweli. Ongeza mingine."

"Mzee atakubali?"

"Nimekaa naye miaka sitini. Leo ndio nimwogope?"

Kwa siku nane alinikalia kila baada ya chai. Nilimchora alivyo: mikunjo, kidevu cha pili, miwani, hata kinyweleo kimoja ambacho aliniambia nikikiacha atajua. Na macho yanatazama mbele. Ilikuwa kazi nyepesi kuliko ya yule msichana, maana uso wa msichana hauna pa kushika. Tulicheka sana. Mzee alikuwa hanisemeshi, lakini siku hizo nane alikwenda chooni mara nyingi kupita afya yake, na kila akipita karibu nasi alikuwa anapunguza mwendo.

Ukumbini

Yubile ilifanyika kwenye ukumbi wa kanisa. Wagoa wa Nairobi, wa Kampala, wa Dar, wote wazee, wote wamevaa kama mabalozi, wanabishana kuhusu mechi za magongo zilizochezwa kabla Rehema hajazaliwa. Rehema alikaa nami meza ya nyuma, ananishika mkono. Sikula kitu, na mnanijua.

Bi Lidia akasimama mbele ya watu wote akamkabidhi mumewe kisanduku. Mzee alikuwa hajaliona jino tangu siku ile. Akalitoa. Akachukua kioo cha kukuzia, kikacheza mkononi mpaka Bi Lidia akamshika kifundo. Akatazama.

"Bwana Shabani yuko wapi?" akauliza.

Nikasimama.

"Umeweka miwani."

"Ndiyo, Mzee."

"Na hii ya shavuni ni nini?"

"Ni kosa langu, Mzee. Nisamehe."

Akatazama tena, muda mrefu. "Hapana," akasema polepole. "Hii ilikuja baridi ya kwanza hapa, hatuna koti. Hii, mtoto alipougua. Na hii..." Akasogeza kioo. "Hii nimemletea mimi mwenyewe." Watu wakacheka, wengine wakatoa leso. "Huyu mimi namjua. Yule msichana, kila nikimchora, alikuwa hapana natazama mimi."

"Alikuwa anamtazama kondakta wa treni," Bi Lidia akasema.

Kelele iliyozuka sijawahi kuisikia kwenye arusi yoyote. Mzee mwenyewe alicheka mpaka ikabidi akalishwe. Kisha akaniita, akaniketisha kati yao, na bibi tisa wakajipanga mstari na jino likapita mkono kwa mkono. Kila mmoja alitaka nimchore. Kila mmoja aliomba bila mikunjo.

Kurudi

Safari ya kurudi haikuwa na kisa. Ndege iliondoka kwa wakati, mbwa hakuniona, na ndani ya basi nilikaa kimya kama mtu aliyeonywa.

Jana Bi Lidia alinitumia ujumbe wa sauti. Nimeurudia mara nne. Anasema, "Bwana Shabani, salaam. Mzee ameshika tena sindano. Tangu mwaka juzi hakuishika. Amechukua pembe ya muusi, anajichora mwenyewe. Nimeangalia, mimi naona mbuzi. Lakini ana furaha, anaimba. Anasema mkono ukitetemeka, ndevu zinajichora zenyewe."

Na nyuma yake, kwa mbali, unamsikia Mzee mwenyewe akipaza sauti:

"Mwambie hapana mbuzi!"